Kilima Nilichokiamini

Nilikuwa na kipimo changu mwenyewe cha ugonjwa: kilima cha kabla ya kufika Kumsenga. Siku ya gulio nilikuwa nikisukuma baiskeli yenye gunia la maharage hadi juu, na nikifika bila mguu wa kushoto kuburuta, nilijiambia, "Ugonjwa umelala." Nilikuwa nimepita arobaini, mnunuzi na mchuuzi wa maharage nisiyekaa mji mmoja wiki mbili. Gwarama, Kakonko, Kibondo, kisha tena barabarani.

Ugonjwa ulianza mwaka 2012, Kakonko ilipokuwa ndiyo kwanza inaitwa wilaya. Jicho moja liliingia ukungu, likapona. Baadaye mguu ukafa ganzi. Nilizungushwa hospitali nyingi kabla ya kupigwa picha ya ubongo Dar es Salaam, na picha ikaonyesha madoa meupe. Daktari alisema ni MS: kinga ya mwili inageuka na kuchubua ngozi inayofunika mishipa ya fahamu. Akaniandikia vidonge vya kuituliza kinga hiyo, kwa sharti kwamba nipime damu kila mwezi na nirudi kupigwa picha nyingine.

Nilivimeza miezi mitano. Damu nilipima Kasulu, anakoishi dada yangu mkubwa, na kila mwezi safari yangu ilikatika katikati. Mguu ulipopata nafuu nikaacha vidonge.

"Nani kakwambia umepona?" dada aliniuliza.

"Kilima."

"Haya. Siku kikikuandikia cheti, niletee na mimi nikisome."

Ndiye aliyenishikia bango hadi nikapanda tena basi la Dar es Salaam, mwaka 2014. Nilikwenda kumridhisha tu. Moyoni nilitarajia kusifiwa.

Daktari yuleyule, mama mwenye sauti ya chini, aliweka picha ya zamani na mpya kwenye taa, akagusa kwa kalamu. "Madoa haya tunayajua. Haya matatu hayakuwapo. Na hili linang'aa kwa ile dawa tuliyokuchoma mkononi. Bado bichi."

"Lakini dokta, natembea. Napanda kilima na gunia."

"Mguu hauoni kila kitu, baba. Doa likitokea sehemu nyingine ya ubongo, husikii chochote, au ubongo unatafuta njia ya pembeni. Ukingoja mguu ukwambie, utakuwa umechelewa. Tena mwendo unaweza kuzorota polepole hata bila doa jipya. Ndiyo maana naangalia picha, na nakuangalia wewe."

Niliona aibu, na ilikuwa aibu ya kibiashara. Kazini nina bambo, kile chuma chenye uwazi tunachochoma guniani kutoa sampuli. Mnunuzi mgeni hulichoma juu, pale muuzaji anapomwonyesha. Yanatoka maharage safi, anafunga, anaondoka. Tumboni mwa gunia yamebunguliwa. Mimi huchoma mara tatu: juu, katikati, chini kabisa. Wakulima wa Gwarama walinicheka: "Mzee wa bambo, hilo ni gunia au mgonjwa?" Na mgonjwa mwenyewe nilikuwa nimemchoma mahali pamoja tu, kwenye mguu wa kushoto.

Nilivianza upya vidonge wiki ileile. Nilipofika Kasulu nilikaa na dada mezani, tukapanga magulio yasigongane na siku ya kupima damu. Kakonko ilibidi niiache. Nikawa naikumbuka asubuhi yake, ukungu ukinyanyuka mashambani na mimi sijui jioni nitalala wapi. Dada aliniona nimeduwaa.

"Barabara haitahama," alisema. "Meza kidonge."

Mwaka 2015 nilipigwa picha ya tatu. Hapakuwa na doa jipya. Kisha daktari akanitembeza koridoni, saa mkononi, akatikisa kichwa kidogo. "Picha imetulia. Mwendo umepungua."

Zamani ningeibeba habari ya kwanza na kuisahau ya pili. Nilimwomba aandike zote mbili kwenye daftari langu, nikamsomea dada kama zilivyo.

Gulio lililofuata nilikwenda Kumsenga na nusu gunia. Nilipumzika mara mbili nikipanda. Juu niliegemeza baiskeli, nikanywa maji, na safari hii sikukiuliza kilima kitu. Niliuza mapema, nikageuza, maana kesho yake ilikuwa siku ya damu Kasulu.