Ukuta wa Mama na Mabamba ya Dunia

Ukuta wa chumba cha mama ulianza kupasuka, juu ya kitanda chake, mwaka ule trela za makontena zilipoanza kukatiza mtaani kwetu Changamwe zikikwepa foleni. Mwanzoni ufa ulikuwa mwembamba kama uzi. Kufika Ramadhani mama aliweza kuuchomeka mswaki wake humo, na akauchomeka kweli, akisema ni mahali pazuri.

Tulikuwa wapangaji. Nyumba ile, kama nyingi za mtaa huo, ilikuwa na wenyewe wawili: mmoja alimiliki kuta na bati, mwingine alimiliki ardhi iliyo chini na kulipwa ijara, yaani kodi ya kiwanja. Ni utaratibu mzuri sana mpaka kitu kiharibike.

Nikamwendea mwenye nyumba, mzee mstaafu mwenye adabu zake na redio yake. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akauliza habari za mama, za kazi, za wanafunzi. Nilipofika kwenye ufa akanitazama kwa huruma. Redio ilikuwa imemweleza kwamba Afrika inagawanyika vipande viwili.

"Mwanangu, kuta ni zangu, ardhi si yangu," akasema. "Ikiwa ardhi yenyewe yaenda zake, mimi ntaizuia na nini?"

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kesho yake nilirudi barazani kwake na yai la kuchemsha. Nikaligonga mpaka ganda likafanya nyufa, nikamweleza kuwa ganda la dunia nalo limekatika vipande vikubwa viitwavyo mabamba. Chini yake kuna mwamba wa joto kali unaojisogeza taratibu, na katikati kabisa kuna kiini cha chuma. Mabamba husogea, ndiyo, lakini polepole kama ukucha unavyoota, na huko kunakopasuka ni Bonde la Ufa, mbali kabisa na sisi. Kinachotikisa kuta zake ni trela. Alisikiliza kwa makini. Kisha akaliomba lile yai, akalimenya, akalitia chumvi, akala, akasema somo limemwingia barabara: nimekiri mwenyewe kwamba mabamba yanasogea.

Mwenye ardhi nilimkuta ameshapashwa habari. Babu yake, alieleza, alimwachia shamba, na shamba ni udongo, mwisho wake ni pale mizizi ya mnazi inapokoma. Huko kwenye mabamba yeye hana hati, nikamshitakie Mola. Wazee hao wawili walikuwa hawasemezani kwa ajili ya ijara, lakini wiki ile walipatana, wakawa wanakunywa kahawa pamoja. Sayansi iliwaunganisha.

Nikaomba basi niite fundi mwenyewe. Mwenye nyumba akakataa katakata, maana mpangaji akishatia mkono kwenye ukuta, kesho atadai nyumba. Nikamsihi mama tubadilishane vyumba. Akasema chumba changu hakina upepo.

Ukuta uliporomoka asubuhi moja mama akiwa uani anachagua mchele. Pande kubwa la mawe na udongo lilitua pale anapolaza kichwa. Wazee walikuja pamoja, wakamshukuru Mungu, wakasimama wakilitazama tundu. Mwenye nyumba akaniuliza kwa upole kama kwingineko Afrika watu wamesalimika. Kwa hasira nikalia mbele yao.

Mama ndiye aliyewajibu, ungo ungali mkononi. "Huyu ana kuta, na huyu ana ardhi. Mimi nina huo mto wa kulalia tu, na ndio ulioangukiwa."

Wakaaga, wakaondoka.

Sasa tunakaa Kiembeni, nyumba ya mawe, na barabara iko mbali. Lakini gari la taka likipita, mama huacha analofanya na kushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Darasani nafundisha kwamba pwani yetu imetulia, na watoto wananiamini. Nyumbani nakaa kando yake mpaka gari lipite.