Mvuvi Haulizwi Aendako

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya Januari, na miguu yangu huikumbuka kuliko mimi. Baridi ikianza tu, vidole viwili vya mguu wa kulia hufa ganzi, nami huinuka kitini nikazunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kutulia sikujaaliwa tangu utotoni. Basi nivumilie, nitakusimulia huku nimesimama.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Tuliishi Sharpstown, mtaa mmoja wa Houston, ghorofa ya pili, mimi na mke wangu Mwanaisha. Mimi nikiendesha gari la kupeleka wagonjwa hospitali, yeye akiwahudumia wazee zamu ya usiku. Ilikuwa ndoa ya kupishana mlangoni. Siku za mapumziko kuta zilinibana hadi nikahisi pumzi haitoshi. Mimi mtoto wa Vanga, baba mvuvi, babu mvuvi, nimefungiwa chumba chenye zulia! Nikanunua kayaki kuukuu, kijitumbwi cha plastiki cha mtu mmoja, nikawa naifunga juu ya gari na kushuka nayo mpaka vinamasi vya pwani karibu na Galveston, kule nyasi huota ndani ya maji ya chumvi na vijito hupindapinda kati yake.

Watu hudhani baridi si wakati wa kuvua. Kumbe ndio wenyewe. Maji ya juu yakipoa, samaki huyakimbia wakajazana kwenye mashimo ya vijito kutafuta joto. Ukilijua shimo, unashusha chambo taratibu, maana samaki wa baridi ni mvivu, hakimbilii kitu. Wapo wale wekundu wenye doa jeusi mkiani. Ukiwapaka nazi na ukwaju utasahau uko Texas.

Sasa sikiliza kosa langu lilipoanzia. Kwetu mvuvi haulizwi aendako. Ukimwuliza umemtia nuksi. Baba yangu aliwahi kuirudisha mishipi ndani na kulala mchana kutwa kwa sababu jirani alimwuliza njiani. Mimi niliacha mengi Vanga, lakini hilo nilisafiri nalo.

Asubuhi hiyo Mwanaisha alirudi kazini akanikuta nimeshika kasia. Hajavua hata viatu, akaniuliza, "Wenda wapi? Wamesema baridi kali yaja." Nikakasirika. Nikaliweka kasia chini, nikamwambia siendi popote, nikakaa kunywa chai huku magoti yakinitetema kwa hamu ya kuondoka. Alipopitiwa na usingizi tu, nikanyata nikatoka. Na simu nikaizima nikaiacha garini, swali lisije likanifuata majini. Hadi leo naona haya. Mwanamke aliyekesha akiwageuza wagonjwa vitandani, nikamdanganya kwa ajili ya bahati ya samaki.

Kuhusu maji, sikuwa na wasiwasi. Nilihesabu mwezi kama nilivyofundishwa: siku ya saba, maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Hesabu sahihi kabisa, ya Vanga. Sikujua kuwa ghuba za huku ni pana na fupi kwa kina kama sinia, na kwamba mwenye amri si mwezi peke yake. Upepo wa kaskazini ukishuka kwa nguvu huyasukuma maji yote nje. Wahenga walisema mazoea yana taabu, nami nilikuwa karibu kuiona taabu yenyewe.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa na samaki watatu. Upepo ukageuka, jasho likanikaukia mgongoni. Nikasema mmoja tu wa mwisho. Nilipoinua kichwa, kijito kilikuwa kimebaki mfereji, na kayaki imekaa juu ya tope. Nikashuka kuisukuma. Tope likanimeza hadi mapajani, makombe ya chaza yakanikata nyayo, nikaanguka kifudifudi, nguo zote chapachapa. Nilihangaika hata nikajirudisha juu ya kayaki, na hapo nguvu zikaniishia.

Kwa mbali nilikuwa nikiona magari yakipita barabarani. Nikapiga kelele, upepo ukazichukua. Nikatetemeka hadi meno yakauma, kisha nikaacha kutetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nilimwita mama yangu, na mama yangu yuko kaburini. Kilichonila zaidi ni kujua kuwa Mwanaisha akiamka atadhani nimekwenda dukani, na kwamba ningekufa mimi yeye akipika.

Aliamka alasiri. Akaona kayaki haipo, akapiga simu haiiti. Akamwita Mzee Shee, mzee wa Lamu aliyetupokea tulipofika Houston na kututafutia nyumba. Mzee akawakusanya wanaume wa msikitini. Lakini waanzie wapi? Pwani ile ni ndefu, na mimi sikuwa nimemwambia mtu neno. Wakagawana magari, hawa magharibi, hawa mashariki, Mzee Shee akashuka Galveston akiingia kila mahali watu wanaposhushia vyombo. Jua likitaka kutua akaliona gari langu, akalijua kwa leso ya Mwanaisha, kanga yake ya zamani, iliyotandikwa kitini. Waokoaji walikuja na boti bapa yenye feni kubwa nyuma, ile inayoteleza juu ya tope, wakanizoa.

Hospitali Mwanaisha alisimama upande wa miguu yangu, kajitanda leso juu ya nguo za kazi. Mzee Shee alivua kofia akaiweka gotini. Nikaanza kujitetea: mwezi ulikuwa hivi, upepo ukawa vile. Aliniacha nikamaliza.

"Athumani, sikukuuliza habari za upepo," akasema. "Nimemwuliza mkeo, mumeo yuko wapi, mbele ya wanaume saba, akashindwa kujibu. Ile aibu umemvisha wewe. Bahari hukuiogopa. Umeogopa swali la mkeo."

Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba kwetu mvuvi haulizwi.

"Kwenu," akasema, "mtu akitoka, kijiji kizima chamwona kashika upande gani. Hawamwulizi kwa kuwa wajua. Hapa ni nani akuonaye?"

Nilikuwa nimebeba nusu ya desturi nikaacha nusu yake pwani ya Vanga, ile nusu iliyokuwa ikiwaokoa watu.

Siku tatu Mwanaisha alikwenda kazini na kurudi bila kuniwekea chai. Siku ya nne aliniwekea chai, akaniuliza, "Leo wenda wapi?" Nikamweleza yote, barabara, mtaa, saa ya kurudi, na kumbe nilikuwa naenda kwa kinyozi tu. Alicheka hata machozi yakamtoka, nami nikalia.

Tangu hapo nilivua majira mengi ya baridi, na kila mara alijua kijito kwa kijito. Nuksi sikuiona. Kisha Mungu akamchukua. Wiki ya kwanza baada ya mazishi nilivaa viatu, nikasimama mlangoni, nikasubiri. Nyumba kimya. Nikavua viatu nikarudi kukaa, siku hiyo moja nikatulia, na utulivu ule simwombei mtu.

Sasa naishi DeSoto, mji wa bara hukuhuku Texas, kwa binti yangu Zuhura, mbali na maji ya chumvi. Nikitaka kutoka nampigia simu kazini kwake. Hunijibu, "Baba, it's just the mailbox." Mimi namwambia hata hivyo, sanduku la barua, narudi sasa hivi.

Wewe nawe, mwanangu, leo Lewisville kesho Houston, una simu inayoweza kuonyesha ulipo na umeizima wasikujue. Sikukatazi kwenda. Mwenye miguu inayowasha atawezaje kukataza wenzake? Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Usivuke kizingiti kabla mtu mmoja hajajua unakoelekea na saa ya kurudi kwako. Anayekuuliza hakufungi kamba. Anataka kujua aanzie wapi siku ukipotea. Ukibeba desturi ya kwenu kuja ugenini, chunguza kwanza ilikuwa ikifanya kazi gani. Na usimdanganye anayekupenda ili upate raha ya nusu siku, kwani atakayeadhirika si wewe.

Nenda, basi. Mungu akufungulie kila njia uitamaniyo, akukinge na baridi ya maji na ya watu, na kila ukivaa viatu akujaalie mtu mlangoni wa kukuuliza waenda wapi.