Mwanamke Aliyechota Maji Mchangani

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na kofia kichwani. Nasema mapema kwa sababu kazi yangu ni kupima, na mtu anayepima hapendi kuambiwa alikuwa anaota. Mimi pia nilikuwa mtu wa kuwaambia wengine hivyo. Dada yangu alipokuja kunieleza kuhusu paka mmoja wa kule Malili anayegeuka mtu akifika kando ya lami, nilimwuliza siku hiyo alikuwa amekula nini. Kwa hiyo ukinicheka sitakasirika. Nisikilize tu.

Natafuta maji chini ya ardhi. Nina mashine yenye betri, nyaya ndefu na vyuma vinne vya kugongelea ardhini. Inapitisha umeme kidogo, halafu nasoma jinsi udongo na mawe yanavyoukataa. Kutokana na hapo naweza kukisia palipo na maji na kina cha kuchimba. Nasema kukisia, ingawa siku zile nisingekubali kulitumia neno hilo mbele ya watu.

Kikundi cha akina mama wa upande wa ndani wa Tawa kilikuwa kimepata mfadhili wa kuwachimbia kisima kimoja. Kimoja tu. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Mueni, mwanamke mrefu, mpole, asiyerudia neno. Aliniita injinia ingawa nilimwambia mimi si injinia.

Nilipofika nilimkuta mzee mmoja kwenye uwanja wa kanisa anatembea polepole, ameshika nyaya mbili za shaba zilizokunjwa kama herufi L. Huyo alikuwa Mzee Kyalo. Watu wa pale walimwamini sana. Nyaya zikikutana, wanasema, chini kuna maji. Alikuwa ameshachagua mahali pake, chini kabisa, karibu na mto wa mchanga, ule usiopitisha maji ila mvua ikinyesha. Mashine yangu ilichagua mwinuko ulio nyuma ya kanisa. Watu wakagawanyika, na Mama Mueni akaniuliza mbele ya wote, "Sasa sisi tufuate nani?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo silipendi. Nikaomba mitungi sita. Nikajaza mitatu, nikaacha mitatu mitupu, nikaifunika yote kwa magunia bila mzee kuona. Nikamwambia apite na nyaya zake, aonyeshe yenye maji. Alikataa mara ya kwanza. Watu wakamsukumasukuma kwa mzaha, naye akapita. Alipata mitatu, akakosa mitatu.

"Hata ukirusha shilingi hewani utapata mitatu," nikasema, kwa sauti ya kusikika.

Watu walicheka. Mzee Kyalo alikunja nyaya zake akazitia mfukoni mwa koti. "Mimi nimezoea maji ya ardhini," akasema, "si ya mitungi." Akaondoka bila kuaga mtu. Niliona mgongo wake ukipotea kwenye kichaka cha miiba, na niamini, nilijisikia vizuri. Nilidhani nimefundisha watu sayansi.

Ilikuwa saa sita. Akina mama walikwenda kupakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na dereva wangu, Musyoka, akalala chini ya gari. Mimi nikateremka peke yangu mtoni kuangalia mwamba, nipate cha kuongeza kwenye ripoti. Chupa yangu ya maji ilikuwa imekwisha. Nakumbuka kwa sababu niliitikisa, ikawa kimya, nikaamua sitakawia.

Wewe unaujua mto wa mchanga saa sita? Mchanga ni mweupe mpaka macho yanauma. Kingo zote mbili zinacheza kwa joto, hujui kama ule ni mti au ni mtu amesimama. Siku hiyo hata njiwa hawakulia. Nilisikia damu yangu masikioni, na viatu vyangu vikizama, na baadaye sikuvisikia hata viatu. Nilikuwa natembea kama mtu anayetembea ndani ya pamba.

Kwenye kona moja ya mto nikamwona mwanamke ameketi kando ya kishimo, anachota maji kwa kata ya kibuyu.

Najua unachotaka kuuliza. Niliangalia miguu yake, ndiyo. Ilikuwa miguu ya mtu, imepasuka visigino kama ya mama yangu. Alijifunga leso iliyopauka hata sikuweza kujua ilikuwa rangi gani. Umri wake siwezi kukuambia. Nilipomtazama usoni niliona kijana, na nilipotazama mikono niliona ajuza, na wakati ule halikunishangaza jambo hilo hata kidogo. Ndotoni unashangaa nini?

"Wakya," akanisalimu Kikamba.

"Aa," nikaitikia.

Alininyoshea kata bila kusema zaidi. Nikanywa. Yalikuwa maji baridi, yenye ladha ya jiwe lililonyeshewa sasa hivi. Nikanywa tena. Akaichukua chupa yangu mkononi mwangu, akaijaza taratibu bila kumwaga tone, akaifunga.

"Hicho chuma chako kimesema nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea chumba cha pili.

"Kimesema maji yako kule juu, nyuma ya kanisa."

"Yapo," akasema. "Mengi. Mbuzi watayanywa."

"Na watu?"

Alipapasa mchanga kando yake kama mtu anayempapasa mtoto alale. "Haya ni ya watu," akasema. "Hayako mbali. Yule mzee mwambie asitupe nyaya zake."

Nilitaka kumwuliza jina lake na nyumbani kwake. Nilikuwa na maswali mazuri kabisa, ya mtu aliyesoma. Lakini nilisikia usingizi mtamu unanipanda kutoka miguuni, nikaketi, nikasema moyoni nitamwuliza sasa hivi, ngoja kwanza nipumzike.

Kilichofuata ni Musyoka ananitikisa bega. Jua lilikuwa limelala upande wa pili, vivuli virefu. Simu yangu ilionyesha saa kumi na moja kasorobo.

"Madam, unatutafutisha tangu saa nane," akasema. "Hapa mimi nimepita mara mbili. Hukuwa hapa."

"Yule mama ameenda wapi?"

"Mama gani?"

Mchanga ulikuwa sawasawa. Hapakuwa na kishimo, wala rundo dogo la mchanga uliochimbwa, wala unyevu. Nyayo zilikuwa zangu na za Musyoka. Lakini chupa ilikuwa imejaa, na nje yake ilikuwa na umande wa baridi.

Usiku ule nilikaa kitandani kwenye lojingi ya Tawa nikijieleza. Jua lilinipiga, nikazimia, nikaota. Musyoka alipita upande mwingine wa kona. Chupa niliijaza mwenyewe kanisani nikasahau. Ni maelezo mazuri, na hata leo naweza kuyatetea moja moja. Shida ni kwamba yalihitaji kuwa kweli yote matatu kwa pamoja, siku moja, na mimi huwa simwamini mtu anayeniletea bahati tatu kwa pamoja.

Asubuhi nilirudi mtoni na mashine. Vyuma havikushika kwenye mchanga mkavu, namba zikaruka ovyo. Sikuwa na kitu cha kuandika. Sampuli za maji nilizokuwa nimekusanya kwenye visima vya jirani zilikuwa tatu, nikazipa herufi A, B na C. Maji ya ile chupa nikayaandika D, na mahali pa kujaza yalikotoka nikaweka mstari mtupu. Nikazipeleka zote maabara. Majibu ya D yalirudi kwamba ni maji matamu, safi, mazuri kuliko yale mengine. Nikayafungia kwenye faili.

Ripoti yangu ilisema: nyuma ya kanisa. Kuhusu mtoni sikuandika hata neno.

Mtambo ulikuja, ukachimba siku mbili. Maji yalipofoka akina mama waliimba, wengine wakalia. Mama Mueni ndiye aliyekinga kikombe cha kwanza. Nilikuwepo. Aliyaweka mdomoni, akageuka pembeni, akayatema polepole ili wengine wasione.

"Hii maji ni chumvi," akaniambia chini chini.

Mbuzi waliyanywa. Watu hawakuweza. Kiangazi kikaingia na akina mama wakaendelea kwenda mbali kama zamani, wanapita kando ya bomba jipya na mitungi mgongoni.

Baada ya miezi kadhaa Mama Mueni alinipigia simu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya mtoni. "Injinia, mimi sikulaumu," akasema. "Nataka tu kujua. Wewe ulikuwa unajua?"

Ungejibu nini? Nilikata simu nikisingizia mtandao, na Jumamosi nikapanda gari kwenda Tawa.

Nilianzia kwa Mzee Kyalo. Nilimkuta anatengeneza ua wa mbuzi. Nikamwomba msamaha kwa ile siku ya mitungi, halafu nikamweleza kila kitu, leso, kata, usingizi, chupa. Nilitarajia angetikisa kichwa kama mtu aliyejua siku zote. Akaniangalia kwa huruma.

"Mwiitu wakwa," akasema, yaani binti yangu, "hiyo ilikuwa jua. Mimi siamini mambo ya mizimu. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Na nyaya zako?"

"Nyaya ni sayansi. Shaba inavuta maji. Wewe umesoma, hujui?"

Tuliangaliana. Mimi niliyesoma nilikuwa nimekuja na habari za mzimu, na mzee wa nyaya ananiambia ni jua tu. Nilianza kucheka, naye akacheka, na hapo mambo ya mitungi yakaisha kati yetu.

"Lakini hapo mtoni hata mimi nilikuwa nimepaonyesha," akasema baadaye, akifunga koti. "Sasa sisi wawili tunabishana juu ya nini? Twende tuchimbe."

Mama Mueni alitusikiliza amesimama. Nilipomaliza, hakuuliza kuhusu yule mwanamke. Aliuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

Akaita wenzake, wakaja na sepetu na karai. Kwenye ile kona tulichimba tangu saa nane mchana mpaka jioni. Mchanga mkavu, mchanga mkavu, kisha ukaanza kuwa wa baridi, kisha mweusi. Tulipofika kina cha mtu mzima sepetu iligonga mwamba, na maji yakaanza kukusanyika chini ya miguu ya Mzee Kyalo bila sauti. Mama Mueni alionja. Safari hii hakugeuka pembeni.

Sasa, jambo hili naweza kulieleza. Mwamba ukikatiza chini ya mto wa mchanga, unazuia maji ya mvua, yanabaki pale miezi mingi. Kila mtu wa kazi yangu anajua. Ningepaswa kulifikiria siku ya kwanza. Pengine nililifikiria bila kujua, na kichwa changu kilichochemka kwa jua kikalivalisha leso. Naweza kuishi na maelezo hayo.

Isipokuwa nilichukua sampuli ya kisima kile kipya nikaipeleka maabara, kama taratibu zinavyotaka. Baada ya wiki yule bwana wa maabara alinipigia. "Madam, mbona umetuletea maji yale yale mara mbili?" akauliza. Nikamwuliza maji gani. "Hii na ile D yako ya mwaka jana. Ni maji ya mahali pamoja, namba zinalingana mpaka mwisho. Ungetuambia tusingepima upya."

D ilipimwa kabla mtu yeyote hajagusa mchanga ule kwa sepetu. Hapo ndipo maelezo yangu yanapokwama, na sijayaongezea kitu.

Kisima kile kipo mpaka leo, kimejengewa vizuri, na Mzee Kyalo ndiye anayeshika funguo. Mimi nimebaki na kiu. Usidhani natania. Tangu siku ile maji mengine nayanywa kama dawa, yanapita tu. Nilipimwa sukari, nikapimwa figo, daktari akasema sina kitu, labda ni mawazo. Labda. Lakini kila baada ya wiki chache nafunga safari na mtungi wangu, na akina mama pale mtoni wananipisha foleni bila kuniuliza. Huwa naenda asubuhi. Saa sita sishuki tena mtoni, hata niitwe na nani.

Kama unafanya kazi kama yangu, au unaandika ripoti ya kitu chochote ambacho watu watakula au kunywa, nakuonya. Siku moja utaona jambo ambalo halina mahali kwenye fomu. Huna haja ya kuliamini. Liandike hapo chini kabisa, kwa herufi ndogo ukitaka, sema hujui ni nini. Mimi nilijua kuwa sijui, nikanyamaza ili nisichekwe, na wanawake wa kule wakabeba mitungi kiangazi kizima.