Giaboksi ya Gia Nne

Marsiana alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na mmoja, na pale Kate, wilayani Nkasi, hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha wanamwita Mwalimu. Alipostaafu kwa hiari akiwa na miaka hamsini na sita, walimu wenzake walikimbilia Sumbawanga kujenga vyumba vya kupangisha. Yeye alinunua pikapu kuukuu ya dizeli kutoka kwenye mradi wa maji uliokuwa unafungwa, akaenda kusomea udereva, akarudi na leseni. Mumewe, Teodori, mkulima wa ulezi asiyependa maneno mengi, alilizunguka gari mara mbili, akauliza, kama anayenunua ng'ombe, pembe ziko wapi. Hilo tu.

Kwa miaka saba Marsiana aliishi kwa gari hilo. Alipakia maharage na ulezi Kate, akateremka nayo hadi Kirando kwenye ziwa, akapanda na dagaa na migebuka, samaki wa ziwa lile, waliokaushwa. Mama mjamzito akizidiwa, aliyeitwa alikuwa yeye. Msiba ukitokea kijiji cha mbali, alikuwa yeye. Aliijua barabara ya Kirando kona kwa kona.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuwa anateremka na gunia kumi za maharage. Kando yake walikaa Teodori na Rosina, mke wa mwanawe Victor, mwenye mimba ya miezi saba, aliyekuwa anakwenda kumsalimia mama yake. Mvua ilikuwa imenyesha. Marsiana alikuwa kwenye gia ya pili, gari likijizuia lenyewe kwa nguvu ya injini kama siku zote, mara mkono wa gia ukaruka mbele, pap, na injini ikanyamaza kama imesahau kazi yake. Gari likachukua kasi. Akakanyaga breki, tairi zikateleza. Akajaribu kuirudisha gia, ikasaga, ikakataa.

"Shikeni!" alisema, akakata usukani upande wa mlima.

Walisimama wameegemea ukingo wa udongo, taa moja imevunjika. Hakuna aliyeumia. Rosina alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, analia bila sauti. Teodori alishuka, akaweka mawe chini ya tairi moja baada ya jingine, akarudi kumfungulia mkewe mlango. Marsiana hakuweza kuachia usukani. Teodori alimwondoa vidole kimoja kimoja.

Jioni ile Victor alipiga simu kutoka Mpanda anakofanya kazi. "Mama, uza hilo gari. Uza hata kama chuma chakavu."

"Nimekusikia, mwanangu," Marsiana alijibu.

Gari lilivutwa hadi Kate, likakaa uani mwezi mzima. Watu wakiuliza, alisema anasubiri mvua zipungue. Lakini kila alipofumba macho aliusikia ule mlio mdogo, pap.

Mwishoni alichoka kuogopa kitu asichokijua. Akamwambia Teodori wapande, wakaenda Sumbawanga polepole kwenye tambarare, gia ya tatu mwanzo hadi mwisho, mpaka gereji ya Obedi, fundi mwenyeji wa Mbeya aliyehamia mjini pale miaka mingi iliyopita.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Gia ya pili inachomoka. Nataka kujua kwa nini."

Obedi alilala chini ya gari, akaweka beseni, akafungua nati ya oili. Haikutoka hata ya kujaza kikombe cha chai. Ilikuwa nyeusi, na ndani yake chembe za chuma zinametameta. Alipoishusha giaboksi na kuifungua, meno ya gia ya pili yalikuwa yameliwa mpaka yamechongoka, na beringi zinacheza kama jino bovu.

"Mwalimu, hii haikufa kwa uzee," alisema taratibu. "Ilikuwa inakauka. Sili ya nyuma, raba ya kuzuia oili, inavuja siku nyingi."

Marsiana alikuwa amekaa juu ya tairi. Angeweza kunyamaza. "Nilikuwa naliona doa," alisema. "Kila asubuhi, chini ya gari. Nilikuwa namwagia mchanga ili ua usichafuke."

Teodori alimtazama. Obedi naye akajifanya anafuta spana. Marsiana alisema baadaye kwamba maneno yale yalimtoka kama mwiba. Mwezi mzima alidhani gari limemgeuka bila sababu. Kumbe sababu ilikuwapo, na ilikuwa ya kurekebishika.

Kuitengeneza ile ya zamani hakukuwezekana. Shafti yenyewe, mhimili unaobeba gia, ilikuwa imechimbika. Wakaenda wote watatu kwa Ndimyake, muuza spea karibu na soko. Alikuwa na giaboksi ya gia tano, safi, imepakwa rangi ya fedha, nyepesi kiasi kwamba aliinyanyua peke yake akaiweka mezani.

"Hii inaingia bila shida," alisema. "Imetoka kwenye gari la petroli la aina hiyohiyo."

Obedi alikuwa amebeba shafti ya giaboksi iliyokufa, imefungwa kwenye gunia. Akaiweka kando ya ile ya mezani. Marsiana akasogea, akapima kwa vidole kama alivyokuwa akipima mistari ubaoni. Ile ya petroli ilikuwa nyembamba, na meno yake membamba vilevile.

"Kwa nini zinatofautiana kama gari ni moja?" aliuliza.

"Injini ya petroli inapata nguvu ikizunguka haraka," Obedi alisema. "Dizeli inasukuma kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Kila ukiachia klachi, meno yanapigwa kofi zito. Haya yatavumilia, lakini si kwa miaka."

Marsiana akamgeukia Ndimyake. "Mwanangu, ungekuwa wewe, gunia kumi, mteremko wa Kirando, ungeifunga?"

Ndimyake alikuna shingo. Biashara ilikuwa mkononi mwake. "Kwa mtu wa kuzunguka mjini ningemfungia leo hii," alisema. "Kwa huo mteremko, hapana, Mwalimu. Nendeni Kasesya, mpakani. Mwulizeni Oswaldi. Ananunua magari yaliyokufa upande wa Zambia, anayaingiza kwa karatasi za forodha, anauza vipande."

Kesho yake walikuwa Kasesya, wote watatu, kwa gari la kukodi. Malori yalikuwa yamejipanga yakisubiri ushuru, bodaboda zikipita katikati yake. Oswaldi, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, aliwapeleka nyuma ya nyumba, akafunua turubai. Zilikuwapo giaboksi mbili, zote za injini ya dizeli kama ya Marsiana. Moja ya gia tano. Nyingine ya gia nne tu, ya miaka ya nyuma zaidi, ganda lake chuma kizito, imegandwa na matope makavu.

Obedi alianza na ile ya gia tano. Alishika ncha ya shafti akaitikisa juu na chini. Ilicheza kidogo. Akachovya kidole kwenye oili, akakisugua kwa kidole gumba. Chembe zilikuwapo, chache. "Miaka miwili," alisema. "Labda mitatu ukiitunza." Akaenda kwenye ile ya gia nne. Shafti haikucheza. Oili ilikuwa nzee lakini laini. Akafungua kifuniko cha juu: meno mapana, kingo zake bado kali.

"Tatizo lake?" Marsiana aliuliza.

"Gia ya tano huna. Kwenye lami injini itapiga kelele, na mabasi yatakupita. Propela, lile bomba la kuzungusha tairi za nyuma, lazima tuipunguze urefu. Na kuibeba ni watu wawili."

Marsiana aliomba chaki. Oswaldi hakuwa nayo, akampa kipande cha mkaa. Alichora alama kwenye shafti ya mbele na nyingine kwenye ya nyuma, akaweka gia ya kwanza, akaanza kuzungusha kwa mkono akihesabu kwa sauti. Shafti ya mbele ilizunguka karibu mara tano, ndipo ya nyuma ikamaliza mzunguko mmoja. Akaweka gia ya pili: mara mbili na nusu na ushee. Kwenye giaboksi yake ya zamani alikuwa amefanya hesabu hiyohiyo gerejini kwa Obedi, na ilikuwa mara mbili na kidogo.

"Maana yake hii italizuia gari zaidi kwenye mteremko," alisema. "Hata kwa gia ya pili."

"Ndiyo maana yake," Obedi alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka. "Sijawahi kuona mteja anazipima hivi."

Oswaldi akatikisa kichwa. "Lakini mama, kila mtu siku hizi anataka gia tano."

Marsiana akamtazama mumewe. "Baba Victor, unasemaje?"

"Basi likitupita, litupite," Teodori alisema. "Mimi nataka tufike chini."

Wakalipa, wakapewa karatasi za forodha, wakaipakia ile ya gia nne.

Kazi ya kuifunga ilichukua siku tatu. Obedi alibadilisha sili zote kabla ya kuipandisha, akalinganisha meno ya shafti na sahani ya klachi, akapunguza propela, akakata sakafu kidogo ili mkono wa gia utokee. Siku ya tatu Marsiana alipanda, akawasha, akakanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza. Ikasaga kwa mlio wa kutisha. Alizima gari palepale. Aliona fedha yake, safari ya Kasesya, na sauti ya Victor kwenye simu, vyote kwa pamoja.

"Tulia, Mwalimu," Obedi alisema kutoka chini ya gari. "Ni klachi haiachii vizuri. Nipe dakika kumi."

Ilikuwa kama robo saa. Alikaza nati moja, akalegeza nyingine, akasema, "Sasa." Gia ikaingia kimya. Ya pili ikaingia. Ya tatu, ya nne, ya kurudi nyuma. Marsiana akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akacheka mpaka machozi yakatoka, na mafundi wa gereji ya jirani wakaja kuangalia kuna nini.

Alhamisi iliyofuata aliteremka Kirando, gunia kumi nyuma, Teodori kando. Juu ya mteremko alisimamisha gari kabisa, akaweka gia ya pili, akaachia klachi. Injini ikanguruma, ikalishika gari kama mtu anayemshika ng'ombe mkia. Alishuka bila kugusa breki kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkono wa gia haukutikisika. Katikati ya njia aligundua kwamba mabega yake yameshuka, na kwamba Teodori amelala, kinywa wazi.

Chini, maji ya ziwa yakaonekana kati ya miti. Aliegesha sokoni, na kabla hata hajafungua turubai wanawake wa dagaa walikuwa wamelizunguka gari, wanamlaumu kwa kuwatupa miezi miwili.

"Nilikuwa na kazi," aliwaambia. "Nani ana migebuka wa leo? Nina njaa."