Fundo la Ndama Chini ya Dashibodi

Mkwe wangu alileta gari asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa Tarime wa wakati wa masika unaofanya hata migomba ya jirani ionekane iko mbali. Nilisikia injini kabla sijaliona gari. Likajitokeza polepole, jeupe, likasimama mbele ya gereji yangu, na binti yangu akashuka upande wa abiria ameshika kiuno. Mimba yake ya kwanza, miezi minane. Nilikuwa sijamwona tangu mavuno, nusura nilie, ila mimi si mtu wa kulia mahali pa kazi.

"Shikamoo, tata," alisema. Tata ndiyo baba kwa Kikurya chetu.

"Marahaba. Mbona umekuwa mkubwa kuliko gari?"

Alicheka. Mkwe hakucheka. Kwetu mtu hataniani na baba wa mkewe, wala hawatazamani machoni ovyo ovyo, kwa hiyo alisimama kule kwenye uzio akaeleza shida yake huku anaangalia viatu. Taa ya eabegi imewaka, yaani ya ule mfuko unaofumuka mbele ya kifua chako gari likigonga. Ilianza kwenye mashimo ya barabara ya Kemambo na haizimi. Gari alilinunua kwa mtu aliyemwapia kwamba halijawahi kupata ajali. Kesho yake walikuwa wanakwenda Kenyamonta kwa mama yake, mke akajifungulie huko, na hakutaka kumsafirisha na taa inawaka.

"Izime tu, baba," alisema.

"Mimi sizimi taa, kijana. Natafuta kwa nini imewaka."

Maneno makubwa hayo. Nayakumbuka kwa sababu yalinirudia kabla hata jua halijatoka.

Nikachomeka mashine ya kupimia. Ikaniambia saketi ya mfuko wa abiria imekatika. Nikafungua terminali ya betri, nikasubiri umeme uliobaki uishe, maana mfuko ule ukifumuka vibaya unakuvunja shingo. Halafu nikalala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje kwenye umande.

Kule chini mtu husahau siku. Mwanga ulikuwa wa rangi ya maziwa, matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati moja baada ya jingine, na nje binti yangu alikuwa anaimba kwa pua wimbo aliokuwa akiimba akichota maji utotoni. Sikujua tena kama ana miaka saba au ishirini na saba. Vidole vyangu vilifuata nyaya za njano vyenyewe, mimi nikiwa nimefumba macho. Vikagusa fundo.

Nililijua kabla sijamulika tochi. Ni fundo la kumfungia ndama pembeni wakati mama yake anakamuliwa, linalokaza kadiri ndama anavyovuta. Baba yangu alinifundisha nikiwa bado mfupi kuliko ndama mwenyewe, na mjini hapa hakuna fundi mwingine anayemalizia waya kwa fundo hilo. Lilikuwa limefunga ukanda wa mpira wa baiskeli. Ndani ya ukanda kulikuwa na rezista, kidude kama punje ya mtama, upande mmoja kimeachia waya. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta ya gari kwamba mfuko upo. Nikapapasa juu, mahali pa mfuko. Palikuwa na tambara limesokomezwa ili dashibodi isigonge gonge.

Nikatoka, nikakwangua rangi kwa kucha kwenye ukingo wa mlango. Chini ya nyeupe palikuwa na bluu.

Basi nikaliona lote, kama ndoto unayoikumbuka mchana. Mchimba dhahabu, mtu wa kuja, alikuwa amegonga ng'ombe kule Busawe kwa gari la bluu. Fundi bodi alishanyoosha pua ya gari. Mfuko wa dereva yule mchimba alipata mwingine, wa abiria akakosa, na alikuwa na haraka ya kuliuza gari arudi kwao. "Fundi, fanya maarifa," aliniambia. Nikafanya. Nikafuta kumbukumbu ya ajali kwenye kompyuta, nikafunga rezista, nikasokomeza tambara mahali pa mfuko, taa ikazima, akanisifu mpaka nikavimba kichwa. Atakayekaa kiti kile sikumfikiria. Siku ile kiti kilikuwa kitupu.

"Tata, umeona nini?" binti yangu aliuliza.

"Nawaza. Mwache mzee awaze."

Nisiseme uongo hapa tena. Nilikwenda kuwasha chuma cha kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya. Tone moja tu pale waya ulipoachia, taa ingezima, mkwe angeshukuru, na jina langu lingebaki safi. Kukiri kosa mbele ya mkwe wako ni aibu ambayo sikuwahi kumwona baba yangu akiibeba. Nilijiambia kwamba Kenyamonta si mbali.

Niliporudi na chuma kimepata moto, nilimkuta binti yangu amekaa kwenye kiti kile, amechoka kusimama, amesinzia. Mkono wake ulikuwa tumboni. Magoti yalikaribia kugusa dashibodi, na nyuma ya dashibodi palikuwa na tambara langu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Nikazima chuma. Nikakata fundo kwa kisu, nikamwita mkwe aje karibu kabisa, nikamwekea rezista kiganjani.

"Hii niliifunga mimi," nilisema. "Hapo mbele hakuna mfuko. Taa inasema kweli, mimi ndiye niliyeidanganya. Mke wako akae nyuma, afunge mkanda, mpaka nipate mfuko kutoka Mwanza."

Alinitazama machoni, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Sikukwepa.

"Ndiyo, baba," alisema, akaenda kumwamsha mkewe taratibu, akamhamishia nyuma.

Wakaondoka na taa yao inawaka. Mjukuu alizaliwa salama, na mfuko niliufunga mwenyewe baadaye. Lakini gari la bluu halikuwa peke yake. Asubuhi za ukungu nakaa mlangoni nikiyatazama magari yanavyotokea na kupotea, kila kiti cha mbele kina mtu, nami sikumbuki ni yapi. Nimebandika karatasi ukutani: niliyekuzimia taa ya eabegi, rudi niiwashe. Watu wanaisoma, wanacheka, wanasema mzee amechanganyikiwa. Hajarudi hata mmoja.