Kilomita Mbili Ambazo Ramani Haizijui

“Hilo si lori, ni ukuta! Umenijengea ukuta dirishani, halafu unaniuliza nimeamkaje?”

“Jirani, nimefika alfajiri. Niache nilale saa mbili tu, nikiamka nitalisogeza.”

“Lala! Mimi nikushonee usingizi au nishone sketi za watu?”

Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, na mtaa mzima umeshatoka nje. Hakuna aliyeitwa, ugomvi mtamu haungoji mwaliko. Anayefoka ni fundi wa nguo wa nyumba ya pili, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Mama Cherehani. Anayefokewa amesimama na kandambili, macho mekundu, mswaki shavuni. Ni dereva wa lori la safari ndefu, na mtaani wamembatiza Masafa.

Lori lenyewe limeegeshwa mbele ya nyumba yake, lakini lina mkia mrefu. Mkia huo umevuka mpaka ukaziba dirisha la jirani. Ndani, fundi ana rundo la sketi za sare zinazotakiwa mchana huu huu. Kitambaa cheusi, uzi mweusi, na sasa chumba nacho cheusi.

“Jumatatu asubuhi naenda ofisi ya mtaa,” anasema, kidole kikiwa hewani. “Malori hayaruhusiwi kulala hapa. Tumekunyamazia kwa ujirani tu.”

Watu wanaguna. Hata waliokuwa wakicheka wanafunga midomo, kwa sababu kila mmoja anajua maana ya neno hilo.

Lori likifukuzwa mtaani litalala yadi ya kampuni, mwisho mwingine wa mji. Na likilala yadi, dereva hulala nalo, maana betri au dizeli ikiibwa anakatwa yeye. Kwa kila wiki mbili za barabarani, Masafa hupata siku moja na nusu ya kuwa nyumbani. Ofisi ya mtaa ikisema hapana, hata hiyo imekwenda na maji.

“Nitakuwa baba wa kwenye simu,” anasema akiketi kwenye kipandio cha lori. “Asiyekuwapo na lake halipo.”

Masafa hulipwa kwa kilomita, lakini si kila kilomita hulipwa. Kampuni hupima kwenye ramani, lango hadi lango, kwa njia fupi kuliko zote. Daraja likifungwa akazunguka, mzunguko ni wake. Akikaa siku mbili kwenye foleni ya kushusha mzigo, magurudumu hayakuzunguka, kwa hiyo hakuna kitu. Akirudi mtupu, nusu.

Wapo wakandarasi, yaani madereva wenye malori yao. Hao kilomita yao hulipwa karibu mara tatu. Ila tairi ikipasuka ni yao, dizeli ni yao, “na presha ni yao,” anadakia mke wa Masafa kutoka mlangoni.

Na njia ya kuja nyumbani?

“Ramani haijui kama nina nyumba,” anasema Masafa. “Kutoka barabara kuu mpaka hapa ni kilomita kumi na moja. Hizo nampa mke wangu zawadi.”

“Zawadi gani isiyolika?” mkewe anamjibu, na watu wanapata cha kucheka tena.

Nyumbani kwao kilomita imekuwa pesa. Mkate ni kilomita tatu. Viatu vya shule ni mia na ishirini, na mlima mmoja juu yake. Binti yao wa miaka sita alipoangusha sahani wiki iliyopita, alikimbilia simu akilia: “Baba, nimevunja kilomita tano!”

Mkewe anasema hata usingizini mtu huyu hafiki. “Mguu unakanyaga breki, mkono unabadili gia. Safari iliyopita alikata kona, nikajikuta sakafuni.”

Masafa hakatai. Anatazama mbele, mbali, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwenye vumbi la hewani.

“Ukiendesha miaka mingi, barabara inaacha kuwa chini yako, inahamia ndani,” anasema taratibu. “Nikifumba macho hapa nyumbani, kitanda kinatembea. Miti inapita pembeni, inapita, haina haraka. Kwenye kila jiwe la kilomita namwona binti yangu amesimama, ananipungia mkono. Na kila jiwe ninalopita, yeye ni mrefu kidogo kuliko jiwe lililotangulia.”

Mama Cherehani ameshusha kidole, ingawa uso bado ameukunja.

Masafa anatema povu, anasukutua, anapanda lori.

Upande wa pili wa barabara kuna ukuta mrefu wa ghala, wa matofali ya kijivu yasiyopigwa lipu. Nafasi ipo, lakini mtaa ni mwembamba na lori haligeuki. Kuegesha kule ni kutoka hadi sokoni, kuzunguka kilomita mbili, kisha kurudi kinyumenyume kandokando ya mtaro. Dizeli yake imepimwa, na hayo mazunguko hayamo kwenye ramani ya mtu yeyote.

Lori linaondoka likikohoa. Watazamaji wanatawanyika kwa huzuni, kama watu walionyang’anywa sahani kabla ya kushiba.

Linaporudi, linatanguliza mkia. Mkewe yuko barabarani, khanga kiunoni. “Njoo, njoo, njoo, kata kulia, kulia nimesema! Simama! Baba we, mtaro!”

Linatua sentimita chache kutoka ukutani. Injini inazimwa. Dereva hafiki hata kitandani. Analala palepale kwenye usukani.

Bodi la lori hilo ni jeupe, limeoshwa na mvua ya njiani. Ilipokaribia saa nne, jua likapanda juu ya mapaa ya nyumba na kulipiga ubavuni. Nuru ikavuka barabara, ikaingia kwenye dirisha ambalo asubuhi zote halijawahi kuona zaidi ya kivuli cha nyumba yenyewe na ule ukuta wa kijivu.

“Nani kaniwashia taa?” Mama Cherehani aliuliza chumba kitupu.

Alikuwa kama mtu aliye ndani ya ganda la yai. Dari lilimeremeta. Uzi mweusi ulionekana juu ya kitambaa cheusi kama njia nyembamba inayopita shambani. Alishona bila kusema neno, jambo ambalo mtaa ulilizungumza siku nzima.

Masafa ana mpango wake. Kampuni ina njia ya mjini inayolipwa kwa siku, na ameahidiwa kufikiriwa mwakani. “Pesa yake ndogo,” husema. “Lakini nataka nionje kulipwa kwa kufika. Nimechoka kulipwa kwa kwenda tu.”

Saa saba mchana, sketi zote zikiwa zimekunjwa, Mama Cherehani anavuka barabara na kugonga mlango wa lori kwa mkasi.

“We Masafa!”

Anashtuka. “Nalitoa, jirani. Nalitoa sasa hivi.”

“Ulitoe uende wapi? Liache hapo hapo. Na ukirudi safari ijayo, hapo hapo. Ofisi ya mtaa wakiwa na neno, waje kwangu.”

Dereva anafikicha macho, hajui kama ameamka.

“Unanikodolea nini? Mkeo na binti yako wameshakaa kwangu, na mtoto ameshaanza na nyama. Shuka, baba, nawa mikono uingie. Chakula kinapoa.”