Mwavuli wa Mkwe

Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe. Hapa Butembo watu wananiambia, mama, ile ni picha tu, uiache. Wanaoniambia hivyo ndio wale wale wanaorudi kwangu mara tatu kwa sababu picha ya pasipoti imewatoa na shavu moja kubwa kuliko lingine.

Mimi ni mpiga picha. Nina chumba kidogo karibu na soko, pazia la bluu upande mmoja na jekundu upande mwingine, na kiti ambacho mume wangu, seremala, alikitengeneza kirefu kidogo ili watoto wa komunyo ya kwanza wafikie mwanga. Napiga harusi, napiga ubatizo, napiga marehemu kabla sanduku halijafungwa. Na kukata nakata pia, msidhani sijui. Wanawake wengi wameniletea picha za harusi zao niwaondolee waume waliokimbia, na nimewaondoa, koti, tai, viatu na vyote, huku tukicheka. Lakini kila mara mwenye picha alikuwa amesimama mbele yangu, akinionyesha kwa kidole mahali pa kupitisha mkasi.

Picha iliyonitia hasira niliipiga nyumbani kwangu. Ili ieleweke, lazima nianze na Mama.

Mama alitufikia kutoka kijijini kwetu Kasugho, baada ya nyumba za ng'ambo ya mto wao kuchomwa. Alitembea siku tatu msituni pamoja na majirani, akafika na sufuria moja na rozari. Ndugu yangu pekee yuko Kipese, na nyumba yake ilikuwa imekwisha kujaa wakimbizi wa upande wa mke. Kwa hiyo Mama akaja kwangu, yaani kwa mkwe wake, na shida ikaanzia hapo. Kwetu mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, halitaji jina lake. Mkwe naye akimwona njiani anapisha pembeni na kugeuza uso. Huo si ugomvi hata kidogo. Ni heshima, kubwa kuliko nyingine zote tulizo nazo, kwa sababu tumbo lile ndilo lililomzalia mke. Wakubwa wetu waliweka kilima kizima kati ya nyumba hizo mbili, vita ikaja ikabakiza ukuta mmoja wa mbao.

Siku ile ya kwanza Mama aligoma kuingia. Alikaa karibu na kuni, kitenge kimemfunika kichwa, sufuria magotini.

"Mutoto wangu," akaniambia, "mi siwezi kulala kwa mukwe. Batu batasema nini?"

Mume wangu alisikia, lakini hakumjibu, kwa sababu hawezi kumjibu. Alichukua nyundo na mbao za kitanda cha mteja. Kufikia jioni kulikuwa na chumba nyuma ya jikoni, na mlango wake haukutazama ua, ulitazama migomba, ili Mama akitoka asimkute uso kwa uso. Mama aliukagua mlango ule muda mrefu, akaufungua, akaufunga, kisha akaingia na sufuria yake.

Basi wakaishi hivyo. Mume wangu hakuvuka ua kabla ya kukohoa mara mbili, na Mama akisikia kikohozi aligeukia ukuta. Chumvi ikiisha, Mama alimwambia kuku: "Ee kuku, mwenye nyumba ajue chumvi imeisha." Mume wangu naye aliujibu msumari aliokuwa anaugonga kwamba ataileta kesho. Mimi katikati yao nilikufa kwa kicheko, na pia niliona raha ambayo sikuwa nayo tangu Kasugho ianze kuungua.

Siku moja ya mvua kubwa Mama alikuwa uani akichambua maharage katika ungo. Mvua ilishuka ghafla, na goti lake bovu likakataa kumwinua. Mimi nilikuwa barazani nafuta lenzi. Kabla sijainuka, mume wangu alitoka karakanani kwake, pembeni ya ua, na mwavuli mweusi. Akakohoa mara mbili. Akaketi juu ya gogo nyuma ya Mama, mgongo kwa mgongo, uso wake kwenye migomba, akainua mkono na kuurudisha nyuma ya kichwa chake, akipapasa hewa bila kuona, mpaka mwavuli ukawa juu ya Mama. Yeye mwenyewe alilowa mpaka maji yakatiririka puani. Mama hakugeuka. Aliendelea na maharage yake, na alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo mume wangu asingeliona kamwe kama si picha. Nikapiga.

Baadaye, tangazo la tamasha la picha lilipofika, niliwaomba ruhusa wote wawili. Mume wangu alisema kama Mama anakubali, naye anakubali. Mama aliishika picha karibu na macho yake.

"Peleka," akasema, kisha akaongeza lakini yake kwa Kifaransa. "Mais isimupatishe mukwe wangu haya."

Hilo ndilo sharti lake, na mimi niliahidi.

Tamasha lilikuwa Beni, wakati wa likizo kubwa. Wageni wengine walitoka Ulaya wakapitia mpaka wa Kasindi, wengine walishuka kwa ndege kutoka Kinshasa. Kitambaa kirefu mlangoni kilisema kwamba picha zote zinahusu mahusiano ya binadamu. Picha yangu ilichaguliwa. Nilitangaza mtaa mzima, hata kwa watu ambao hawakuniuliza. Siku ya ufunguzi sikuweza kwenda, kwa sababu likizo kubwa ndiyo majira ya harusi na Jumamosi ile nilikuwa na tatu.

Siku chache baadaye mwanamke mmoja wa shirika letu la parokia alikuja nyumbani wakati mimi niko kazini. Alikuwa na simu. Mtu wa Beni alikuwa ameipiga picha yangu pale ukutani akairusha mtandaoni, ikazunguka mpaka ikafika Butembo. Mama hakuona vizuri kwenye kioo kidogo kile, kwa hiyo mgeni akamsomea maandishi ya chini. Kisha akamshika mkono.

"Pole sana, mama. Atukujua kama mukwe anakuchukia."

Niliporudi nyumbani nilikuta kitenge kimefungwa fundo, sufuria ndani yake.

"Minaenda kwetu," Mama akasema.

"Mama, Kasugho iko vita."

"Vita iko. Mais kule hapana mukwe mwenye batu bananyoshea kidole juu yangu. Banasema ananichukia. Kesho batasema amenifukuza. Ule mwanaume alinijengea mulango yangu mwenyewe, na mi njo nilimuletea haya."

Kule nyuma ya ukuta nyundo ilikuwa imenyamaza. Nilimwomba Mama anipe siku mbili tu, nikatafuta ile picha kwenye simu.

Waliikata juu. Mwavuli haukuwepo, wala kiganja kilichoushika. Mkono wa mume wangu uliishia juu kidogo ya kiwiko, na kiwiko kile kikaonekana cha mtu anayejishika kichwa kwa hasira. Waliifanya nyeusi na nyeupe, wakaongeza giza mpaka tabasamu la Mama likawa kivuli. Palibaki watu wawili waliopeana mgongo kwenye mvua. Chini yao iliandikwa: "Chini ya paa moja. Vita imewafanya mkwe na mama mkwe kuwa maadui."

Maadui! Mtu aliyelowa ili mwingine akauke.

Asubuhi, Jumamosi isiyo na harusi, niliifunga studio, nikachapa picha nzima kwa karatasi kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, nikaikunja kama mkeka, nikapanda gari la Beni. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia mzungu. Nilikuwa na uhakika ni mzungu. Nilijiambia nitaanza polepole, nitamweleza habari za mkwe na mama mkwe, atashangaa, ataomba msamaha. Mgeni hana kosa la kutojua. Nilifika nikiwa karibu nimekwisha kumsamehe.

Ndani ya ukumbi picha nyingi zilikuwa za kukumbatiana. Mume na mke wanakumbatiana, baba na binti wanakumbatiana, hata watu wawili waliokutana hospitalini. Sina neno juu ya kukumbatiana. Ila niliona kwamba katika ukumbi ule wasiogusana walihesabiwa kuwa hawapendani.

Aliyechagua picha na kuzipanga ukutani, ambaye walimwita commissaire, alikuwa mtu mzima wa miaka kama yangu, skafu shingoni ingawa Beni kuna joto. Alinisalimu kwa Kinande, lugha yetu, tena Kinande cha Lubero, safi kabisa. Maneno yangu yote ya njiani yakapotea.

"Parapluie iko wapi?" nikamwuliza habari za mwavuli.

"Mama, karibu, ikala kwanza."

"Sitaki kiti. Parapluie iko wapi?"

Alicheka kidogo, kicheko cha kumtuliza mteja. "Tuliikata kidogo tu, ipate nguvu. Yako ilikuwa muzuri, mais ilikuwa inasema mambo mingi. Ba-visiteur, bale bageni, hapana kusikia mambo ya bukwe. Bataona tu mutu anashika parapluie mubaya."

"Na weye, ulisikia?"

Akatazama viatu vyake. "Mi niko mutu ya Lubero, mama."

"Nakuuliza kama ulisikia."

"Nilisikia."

"Ulisikia, halafu ukakata?"

"Batu bametoka mbali," akasema. "Banangoja kuona vita."

Ningempiga, sifichi. Huyu naye ana mama mkwe mahali fulani huko kwenye baridi ya Lubero, na naapa akimwona njiani anashuka mtaroni ampishe. Alijua kila kitu kilichokuwa katika picha ile: kwa nini mume wangu ametazama migomba, kwa nini Mama hakugeuka, gharama ya mkono ule uliorudi nyuma. Alijua, akaona ujuzi huo hauna soko, akautupa. Vita imetunyang'anya mashamba na usingizi, na jambo dogo tulilolibakiza bila kunyang'anywa na mtu, mwenzetu amelikata kwa mkono wake awapendeze wageni.

Nilimfungulia karatasi yangu, picha nzima. "Weka hii."

Akaitazama. Nadhani ilimgusa, kwa sababu aliinama mpaka pua ikakaribia mwavuli. Kisha akasema fremu haitoshi, na lazima aongee kwanza na équipe, yaani wenzake, na tamasha limebakiza siku nne tu. Sikungoja amalize. Niliishusha ile ya ukutani mimi mwenyewe, nikang'oa na maandishi yake, nikatoka nazo. Hakunizuia. Mlinzi wa mlangoni alinifungulia, akidhani nimeinunua.

Nilifika Butembo jua limekwisha kutua, nikamkuta Mama amelala bila kufungua fundo lake. Asubuhi ilikuwa Jumapili. Nilimpelekea picha zote mbili chumbani, nikaziweka juu ya magoti yake kwenye mwanga wa mlango. Aliitazama kwanza ile iliyokatwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona vizuri. Alipitisha kidole mpaka ukingo wa juu, pale mkono ulipoishia, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Mwenye alikata hii ni muzungu?"

Nilitamani kumdanganya. Ingekuwa rahisi kwake.

"Hapana, mama. Ni mutu ya Lubero."

"Ya Lubero?"

"Ndiyo, mama."

Nilidhani atalia, nikajiandaa kulia naye. Badala yake uso wake ukakazika, na nikaiona hasira yangu mwenyewe pale, sasa najua niliirithi wapi.

"Kumbe alijua," akasema. Akavuta fundo la kitenge kwa meno, likafunguka, sufuria ikaanguka sakafuni. "Siende tena. Nikienda, photo yake itakuwa ya kweli. Beba kiti yangu. Hapana pa migomba. Beba pa barabara, kwenye batu ya misa banapitaka."

Nilikitoa kiti mbele ya nyumba. Akajifunika kitenge kichwani, akachukua ungo wa maharage, akaketi akitazama barabara kama anayengoja kupigwa picha. Watu walianza kupita kwenda misa ya pili. Yule mwanamke wa simu alikuwa miongoni mwao, amevaa sare ya kwaya, na alipunguza mwendo.

Ndipo nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Mume wangu alitoka na kigoda mkononi, shati la Jumapili limefungwa mpaka shingoni. Hakumtazama mtu yeyote. Alikiweka kigoda nyuma ya Mama, akaketi, mgongo kwa mgongo, akaukabili mlango wa nyumba yake. Hapakuwa na tone la mvua, anga lilikuwa jeupe, jua linachoma. Aliufungua mwavuli, akaurudisha nyuma, akapapasa hewa kidogo, akaushikilia pale mpaka mtu wa mwisho wa misa ya pili alipopita.